Kitalu kisicho na kibao, njia ya Uru

Ukitoka Moshi mjini kuelekea Uru, ukishaziacha nyumba za mageti makubwa na kabla barabara haijaanza kupanda kweli kweli, kuna mringaringa mnene upande wa kushoto. Chini yake pametandwa wavu mweusi juu ya miti, kuna madumu ya maji, na viriba vimepangwa kama watoto kwenye paredi ya asubuhi. Hicho ndicho kitalu ninachotaka kukisema. Hakina kibao wala jina, na hakuna namba ya kulipia iliyobandikwa popote. Mwambie konda akushushe kwa mzee wa miche. Ukisema "kitaluni" atakuuliza kitalu gani, maana njia ile imejaa watu wanaouza miche siku hizi, na wengine wana vibao vizuri sana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimesahihisha insha kwa miaka 31, na sasa naandika hadithi fupi ambazo msomaji wake mkubwa ni mjukuu wangu wa darasa la sita, na yeye husoma kwa kuhongwa. Nakaa Pasua, na Uru nina kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoniachia marehemu mume wangu. Kwa hiyo nina bustani mbili zisizosalimiana: ya Pasua ni tambarare, jua kali, udongo wa kuomba maji kila siku, ya Uru iko chini ya migomba, ina ubaridi na udongo mweusi unaobaki kwenye kucha mpaka Jumapili. Nayasema haya mapema kwa sababu mzee hatakuuliza unataka nini. Atakuuliza unapanda wapi. Na jibu lako ndilo litakaloamua kama atakuuzia.

Mara ya kwanza nilikwenda na elfu ishirini mkononi nikitaka miche minne ya parachichi aina ya Hass, niipande Pasua nyuma ya jiko. Kila mtu alikuwa anapanda Hass. Mzee akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Pasua ni joto, mwalimu. Hass peleka juu." Sikumwambia mimi ni mwalimu. Baadaye niliambiwa kwamba huwa nanyoosha kidole ninapouliza bei. Nikamwambia hela ni yangu na jua la Pasua ni langu. Akasema ni kweli, miche ndiyo yake. Nikaondoka na Hass wawili wa kupeleka Uru kwa sh 4,000 kila mmoja, na mwembe mmoja wa Pasua kwa sh 3,500, na chenji iliyobaki nikaihesabu mara mbili kwa hasira. Mwembe ule sasa unanipita kimo.

Kwa asiyewahi kununua mche uliobebeshwa, nieleze kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Mparachichi unaotokana na kokwa utakuweka miaka mingi kabla ya kuona tunda, na tunda lenyewe si lazima lifanane na ulilokula. Uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mzee huotesha kokwa za kienyeji kwanza, mche ukifika unene wa penseli anaukata kichwa, anaupasua katikati, kisha anachomeka kikonyo cha Hass kilichochongwa kama kabari na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Juu anavika kimfuko ili kisikauke. Kwa hiyo mche wa kweli una kovu. Ukiuona mche umenyooka laini kutoka chini mpaka juu na muuzaji anaapa kwamba ni Hass wa kubebeshwa, muulize ulibebeshwa wapi, na usikubali kuonyeshwa fundo la jani. Angalia pia chini ya kiriba: mizizi ikishatoka na kujisokota, mche huo umekaa sana. Na ukipanda, usilifukie lile kovu, na kila chipukizi linalotoka chini yake ulikate, maana hilo ni la kienyeji na litamnyang'anya mwenzake chakula. Haya yote alinieleza akiwa amechuchumaa, bila kuniangalia, na mche wa bei hiyo hiyo kwingine niliwahi kuuziwa kwa kutupiwa ndani ya mfuko.

Kuhusu saa. Hapa ndipo wengi watakapokasirika. Mzee ni Mpare wa Usangi, Mwislamu, na muda wa swala hauuzi. Ijumaa usiende kati ya saa sita na saa nane. Siku nyingine anaweza kuondoka dakika ishirini na kitalu kikabaki wazi, na kopo la maziwa juu ya tofali kwa ajili ya hela. Mara ya kwanza nilipokuta hivyo nilisimama kama mlinzi mpaka aliporudi, nikamwambia Moshi hii siyo Usangi, wataibeba hiyo miche yote. Akasema mwenye kuiba mche itabidi aumwagilie. Mchana wa jua kali pia hakuuzii miche ya mboga. Atakwambia rudi saa kumi na moja jioni. Kama umetoka mbali, hilo ni kero, na nakubali ni kero. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa chini ya ule mringaringa saa mbili nzima nikisubiri jua lipoe ili niuziwe nyanya za sh 1,500.

Yeye Mpare, mimi Mchaga, basi bei ni mchezo wa kuigiza. Mimi namwambia Mpare akifa huhesabu kwanza sanda. Yeye ananiambia Mchaga akisikia sarafu imeanguka kaburini anafufuka. Wateja wengine hudhani tunagombana. Mwishowe analegea kwa sh 200, au analegea kwa mche mmoja wa mnavu ambao angenipa hata hivyo.

Mboga zake ni nzuri: chainizi, figiri, sukuma, mnavu, nyanya, hoho. Mche ni sh 50. Nyanya anakuuzia na onyo kuhusu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, na atakusihi uyatazame majani kila asubuhi, ukiona michoro ya njia nyeupe ndani ya jani ulichume hilo jani siku hiyo hiyo, usingoje wiki. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ipo, sh 2,500 kwa kiroba, na ni samadi kweli. Ya kuku haweki kwa sababu watu wanaitumia mbichi halafu wanakuja kumlaumu miche ikiungua.

Dosari kubwa kuliko zote ni kwamba hana lebo. Hata moja. Anadai anaijua miche yake kwa sura, nami nilimwamini mpaka Juni ya mwaka juzi, niliponunua kabichi thelathini. Wajuzi wanajua kwamba kabichi na koliflawa zikiwa ndogo hufanana kama mapacha. Nikamwagilia, nikapalilia, nikasubiri zifunge. Hazikufunga. Katikati pakatoka kitu cheupe, kidogo, cha ukubwa wa ngumi. Nilipompelekea ushahidi alikigeuza geuza, akasema, "Hii nayo ni mboga." Hakurudisha hela. Alinipa kabichi thelathini nyingine, na zile zilikuwa kabichi.

Koliflawa nilizipeleka kanisani. Kwetu Walutheri, kama hujui, anayeleta sadaka ya mazao huiona ikinadiwa nje baada ya ibada, na ndizi au kuku au trei ya mayai inaweza kuuzwa mara tatu kwa sababu anayeinunua anairudisha mezani. Mnadishaji wetu ni fundi cherehani mwenye sauti ya kuita daladala. Akakiinua kile kitu changu juu na kutangaza, "Kabichi iliyoota mvi! Imeona mengi! Nani anaiheshimu?" Ikaanzia elfu moja ikafika elfu tisa, ikarudishwa, ikauzwa tena elfu sita kwa mama mmoja wa kwaya. Sijawahi kupata hela hiyo kwa kabichi yoyote yenye nywele nyeusi. Nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akauliza kama kanisa linatoa asilimia kwa mwenye kitalu.

Sasa nifike kwenye kile kinachonirudisha pale kuliko miche. Ni kaunta buku yake.

Ni daftari nene la jalada gumu, kona zimeliwa, lina matope ya mwaka mzima. Kila kinachouzwa kinaingia humo kwa kalamu ya bluu. Nilikuwa nikiliona kwa mbali tu, nikidhani ni hesabu. Kisha Februari moja nikamkuta miwani yake imevunjika mkono, ameifunga kwa ule utepe wa kubebeshea miche, nayo haikai puani. Akaniomba nimsomee, atambue nani anadaiwa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua, nikaanza.

"Mpapai 2. Kijana, shamba hana bado."

"Hoho 50. Mama mkwe amekuja kukaa."

"Sukuma 100, amerudi kununua 12. Kuku."

"Maua ya chungu 6. Msiba Kiboriloni. Hajalipa. Asiulizwe."

"Miembe 3. Karudi kutoka Dar. Kimya."

Nikasimama pale. Miaka 31 niliwafundisha watoto kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba mhusika aelezwe sura, mavazi na tabia. Mimi mwenyewe nyumbani nilikuwa na hadithi ya mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam, kurasa kumi na nne, na mpaka ukurasa wa tatu alikuwa bado hajashuka basi kwa sababu nilikuwa naueleza mlima. Kila anayeandika Moshi anaanza na mlima. Theluji, mawingu, utulivu, adhama. Na huyu mzee, aliyeishia darasa la saba, amemleta mtu wake kwa miembe mitatu na neno moja.

Nilimuuliza mbona anaandika hivyo. Akasema majina anasahau, kwa hiyo anaandika kitu cha kumkumbusha mtu. Hesabu kwanza, mtu baadaye. Basi.

Nilikumbuka siku moja ya Ijumaa nilipomkosa, nikachukua chainizi arobaini na kumwachia kikaratasi koponi: kwamba nimefika sijamkuta, nimechukua miche arobaini ya chainizi ambayo thamani yake ni sh 2,000, nimeacha 1,500, salio la 500 nitalileta Jumanne Mungu akipenda, asante sana na ubarikiwe. Nikaitafuta tarehe ile. Alikuwa ameinakili hivi: "Chainizi 40. Mwalimu. 500."

Nikaendelea kusoma, kurasa zikarudi nyuma, mpaka nikafika mwezi ambao sikuutarajia. Nikaona mstari. Nikauruka, nikasoma wa chini yake, wa mtu na mipera yake.

"Umeruka," akasema mzee.

Nikamwambia mwandiko hausomeki.

"Haya. Endelea."

Ule mstari ulisema: "Waridi jekundu 1. Mwalimu. Kivulini. Kaburi?"

Sikuwa nimemwambia. Siku ile nilimuuliza tu kama waridi linastahimili kivuli, akasema halistahimili, nikasema hata kidogo, akasema hata kidogo, nikalinunua. Mume wangu amelala kihambani kama ilivyo desturi yetu, nyuma ya nyumba, migomba imemfunika pande tatu. Waridi lilikaa wiki saba. Majani yakapata unga mweupe, yakajikunja, likafa. Mstari wa pili nao nilikuwa nimeuona kabla sijafunga daftari, miezi mitatu mbele: "Waridi 1. Mwalimu, tena."

Wiki chache baada ya usomaji ule nilikwenda kununua la tatu. Nilijiandaa. Nilimweleza mfano wa mtini, ule wa mtu aliyekuja miaka mitatu kutafuta tunda asipate, akataka ukatwe, na mtunza shamba akaomba aachiwe mwaka huu mmoja tu aupalilie na kuutia samadi. Nilieleza vizuri, kama mtu aliyewahi kuongoza ibada za nyumba kwa nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho huku akijaza udongo kwenye kiriba.

"Huo mtini ulipandwa wapi?"

"Kwenye shamba la mizabibu."

"Basi ulikuwa juani," akasema. Akaendelea kujaza udongo.

Nikamwambia nataka kitu cha kupanda pale, chochote, nipe kinachovumilia kivuli, nitalipa. Akatikisa kichwa. "Ninyi Wachaga si mna masale? Unanunua nini kwangu?"

Kwa asiye wa huku: masale ni mimea, ndiyo mipaka yetu, ndiyo uzio wa kihamba, na ukimkosea mtu ukamwendea na sale mkononi, kukukataa ni aibu yake. Tunayo mpaka tumesahau kwamba tunayo. Nilikuwa nimeyapita masale ya mpakani kwangu kila mara nikiwa nimebeba waridi kwenye kiriba. Jumamosi ile nikapanda Uru, nikakata matatu, nikachomeka pale miguuni pa mume wangu. Masale hayana ugomvi, ukikata kipande na kukichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinashika. Wiki ile ya mwisho ya uhai wake tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya bati tatu za choo cha nje. Yeye alitaka za geji nyembamba. Nilikuwa sijamaliza hoja yangu. Nikaimalizia pale, kwa sauti, migomba ikisikiliza, kisha nikaomba radhi kwa sehemu yangu tu, maana kuhusu geji bado nilikuwa sahihi.

Sala zangu nyingi huwa ni za namna hiyo, nikiwa na keni ya maji. Nikikaa na kufumba macho nasinzia, mchungaji anajua. Alfajiri saa kumi na mbili, Pasua, kabla bodaboda hazijaanza, namwagilia tuta moja kwa jina moja: mwanangu aliyeko Mwanza, mjukuu, jirani mwenye presha. Hoho zilipokuwa chache niliwaweka wawili wawili. Baada ya hapo nachukua daftari, naandika mpaka chai. Ile hadithi ya mtu wa Dar nimeipunguza hadi kurasa tano. Mlima umebaki na mstari mmoja, na hata huo unasema hauonekani.

Nirudi kwenye kazi niliyokuja kuifanya. Nani asiende pale: mwenye haraka, anayetaka risiti, anayetaka maua makubwa ya kupamba harusi Jumamosi hii, na anayetaka kubeba miche mia tano ya Hass kwa mpigo, kwa sababu mzee hana uwezo huo na atakwambia hivyo mlangoni. Malipo kwa simu yanawezekana siku ambazo kijana wake yupo. Choo hakuna. Kivuli kipo, na maji ya kunywa ukiomba. Masika yakianza njia ya kuingilia ni utelezi mtupu, vaa mabuti. Msimu mzuri wa kwenda ni mwishoni mwa Februari, ili miche ya miti uwe nayo nyumbani mvua za Machi zikifika, na uiweke kivulini siku kadhaa kisha uizoeshe jua kidogo kidogo. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana kabla hujaenda kununua. Atakuuliza kama umechimba. Nilimdanganya mara moja, akaniuliza udongo wa chini ulikuwa na rangi gani.

Nyota ningempa nne, ya tano naizuia kwa ajili ya lebo. Nilimwambia hivyo. Nilikata hata vipande vya makopo ya rangi, nikamwandikia majina kwa mkono, kabichi, koliflawa, figiri, nikamchomekea kwenye matuta. Wiki iliyofuata nilikuta kipande cha "koliflawa" kimesimama kwenye miche ya mipapai. Akasema upepo.

Mara ya mwisho kalamu yake ilikuwa inakwaruza bila wino, anaandika huku akiilamba ncha. Jana nimempelekea tatu, mbili za bluu na moja nyekundu. Alizijaribu zote kwenye kiganja. Za bluu akazitia mfukoni, nyekundu akanirudishia.

"Hii ni yako, mwalimu," akasema, na akaniuzia figiri ishirini.